Mtoto wa Gunzi na Ndugu Zake

Mahindi yanapoanza kutoa ndevu kwenye mashamba ya milimani juu ya mji wa Same, Upare, wasichana wadogo huanza kuyakagua. Linatafutwa hindi changa lenye ndevu ndefu na laini, kabla hazijakauka na kugeuka kahawia. Maganda ya nje yanashushwa taratibu mpaka kiunoni, yanakuwa sketi. Ndevu zinagawanywa na kusukwa, mara mabutu mawili, mara matatu, kadiri zinavyovumilia vidole. Kitambaa kilichookotwa kwa fundi cherehani kinafungwa kifuani kwa kamba ya mgomba. Halafu mtoto anapandishwa mgongoni, mbeleko inakazwa, na mama yake mwenye miaka sita anaondoka kwenda kuchota maji kwa kopo.

Mama mwenye shamba akiona hindi limevunjwa kabla ya wakati atagomba, na ana haki, hicho ni chakula cha nyumba. Ndiyo maana watoto wengi huishia kwenye gunzi, lile linalobaki baada ya kupukuchua. Gunzi halina nywele wala sketi. Uso halina kabisa, na mara nyingi hakuna anayejisumbua kulichora macho. Hata hivyo linabembelezwa, linanyonyeshwa, linapelekwa kliniki, na likilia linachapwa kidogo kisha linaombwa radhi.

Kwa miaka mingi wanaoandika kuhusu sanaa ya Afrika wameweka ukuta kati ya kitu kama hiki na vinyago vinavyowekwa kwenye makabati ya vioo. Kinyago ni sanaa, ni imani, ni falsafa; mdoli wa gunzi ni mchezo wa watoto, haustahili hata aya moja. Nadhani ukuta huo umejengwa mahali pasipo na mpaka. Ukimlinganisha mtoto wa gunzi na ndugu zake wa mbali na wa karibu, unaona wote wanafanya kazi moja: kushika nafasi ya mtu ambaye hayupo. Wanachotofautiana ni sababu ya mtu huyo kutokuwepo.

Nianze na ndugu wa karibu zaidi, mwana hiti wa Wazaramo, ambaye anajulikana pia kwa Wakwere, Wadoe, Wakutu na Waluguru. Ni kipande cha mti kilichochongwa kiwiliwili kama nguzo fupi, bila mikono wala miguu, chenye vijiziwa vidogo kifuani na kichwa chenye shungi, mara nyingi mashungi mawili yaliyotenganishwa katikati. Mwali alipovunja ungo na kuwekwa ndani, alikabidhiwa mwana huyo amtunze. Alimwogesha, akampaka mafuta, akalala naye. Sura hiyohiyo imechongwa pia kwenye fimbo, kwenye ala za muziki na kwenye nguzo za makaburi, kiasi kwamba mtu wa Uzaramo aliweza kukutana nayo tangu unyagoni hadi kaburini.

Mweke mwana hiti kando ya gunzi. Kimo kinakaribiana. Umbo ni lilelile, nguzo isiyo na viungo. Kwa mtazamaji mgeni hilo linaweza kuonekana kama upungufu wa ufundi, lakini mchongaji aliyeweza kuchonga mashungi yale kwa usawa ule hakushindwa kuchonga mkono. Mtoto wa mgongoni hana haja ya mikono. Mikono inayohitajika ni ya anayembeba, na umbo la nguzo ndilo linalokaa vizuri ndani ya mbeleko. Mchongaji wa Maneromango, Uzaramo, na msichana wa Mbaga, Upare, wamefikia jibu moja, kila mmoja kwa njia yake.

Tofauti iko kwenye wakati. Mwana hiti anaingia maishani siku utoto unapokwisha, akiwa ameambatana na mafundisho ya makungwi, na anasema waziwazi: utazaa. Gunzi linaingia mapema zaidi na halina kungwi.

Kwa Waashanti wa Ghana, anayebeba si mwali peke yake. Akuaba, yule mdoli wa mti mwenye kichwa bapa cha duara kama sahani, hubebwa mgongoni na mwanamke mzima anayetafuta mtoto. Simulizi la asili yake linamtaja mwanamke aitwaye Akua ambaye alikuwa tasa. Kuhani akamwambia achongeshe mtoto wa mti, ambebe na kumtunza kama wa kumzaa. Watu walimcheka, wakakiita kile kinyago mtoto wa Akua, na ndilo jina lililobaki mpaka leo. Kisha akashika mimba, akazaa binti. Jambo linalonigusa zaidi ni kinachofuata baada ya kuzaa. Akuaba anaweza kurudishwa kwenye madhabahu kama shukrani, na anaweza pia kuachiwa watoto wamchezee. Kitu kilekile kinatoka kwa kuhani kinaingia mikononi mwa mtoto, na hakuna anayeona kwamba kimeshushwa hadhi. Ukuta ule wa wahakiki Waashanti hawakuwahi kuujenga.

Wala sisi hatukuujenga. Kuanzia Upare kushuka Usambara mpaka Uzigua, waganga walikuwa na tunguli, vibuyu vya dawa ambavyo baadhi vizibo vyake vilichongwa kichwa cha mtu. Kwa Wasambaa na Wazigua na majirani zao, makungwi walifinyanga sanamu za udongo za watu, wanyama na vyombo, kila moja ikiwa na fumbo na wimbo wake wa kuwafundisha vijana wakati wa jando na unyago. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya kikoloni, alizikusanya na kuziandikia kitabu mwaka 1956. Picha zake zikitazamwa bila maelezo, ungeapa ni udongo uliofinyangwa na watoto kando ya mfereji. Kilichozitofautisha na vitu vya kuchezea ni wimbo ulioimbwa wakati kungwi akiziinua.

Kuna sababu nyingine ya mtoto kutokuwepo, nzito kuliko zote. Wayoruba wa Nigeria ni miongoni mwa watu wanaozaa mapacha kwa wingi kuliko wengine duniani. Pacha mmoja akifa, wazazi huenda kwa babalawo, mpiga ramli wao, na akiagiza hivyo huchongwa ere ibeji, sanamu ndogo ya mti ambayo mama huilisha, huiogesha, huivisha na kuipaka rangi nyekundu kama anavyomfanyia aliye hai. Sanamu ya kale ya ibeji unaitambua kwa uso uliolika. Pua na midomo imesuguliwa na mikono ya miaka mingi ya kuoshwa mpaka imekaribia kufutika, na uso ule uliofutika ndio ushahidi kwamba mtoto yule alipendwa. Inasimuliwa kwamba zamani sana Wayoruba wenyewe waliwaogopa mapacha na kuwaua. Hofu ikageuka ibada.

Upare nako hofu kama hiyo ilikuwepo. Mbaga, kwenye milima ya Same, wageni huonyeshwa jiwe liitwalo Malameni. Wenyeji husimulia kwamba hadi miaka ya 1930 watoto waliodhaniwa kuwa na nuksi walitolewa kafara hapo. Kiswahili kina neno kwa mmoja wa watoto wa namna hiyo, kigego, yule aliyeanza kuota meno ya juu, na hofu ya kigego ilienea mbali sana nje ya Upare. Silisemi hili kuwalaumu wazee. Jamii iliyoishi kwa kutegemea mvua na mifereji, iliyokuwa ikikimbilia mapango ya Mghimbi kujificha dhidi ya wawinda watumwa katika karne ya 19, ilitafuta chanzo cha balaa mahali ilipoweza kukifikia. Ila ukiyaweka mambo mawili haya pamoja, uso wa ibeji uliolika kwa kuoshwa na jiwe tupu la Malameni, unaona kazi ambayo kinyago kidogo kinaweza kuifanya. Kwa Wayoruba mama alipewa kitu cha kushika. Alikuwa na ruhusa ya kuomboleza mbele za watu, kila asubuhi, akiwa na mafuta na kitambaa mkononi. Mama wa Mbaga aliyenyang'anywa kigego wake alibakiwa na jiwe, na jiwe halibebeki mgongoni.

Upande wa dini zilizokuja baadaye, mdoli alipita kwenye mlango mwembamba. Wapare wengi ni Waislamu, na kuchonga sura ya kiumbe ni jambo ambalo wanazuoni wamelikemea tangu zamani. Lakini hadithi sahihi zinaeleza kwamba Bibi Aisha alikuwa na midoli aliyoichezea na wenzake, na Mtume hakumkataza. Mmoja alikuwa farasi mwenye mabawa ya kitambaa, na alipoulizwa farasi gani huyo mwenye mabawa, Aisha alijibu kwamba farasi wa Nabii Suleiman walikuwa nayo, Mtume akacheka. Kwa dalili hiyo wanazuoni wengi waliruhusu midoli ya watoto. Katika mapokeo yote niliyoyataja hili ndilo pekee ambalo mdoli anakubaliwa kwa sababu ni mchezo, na sababu hiyo ikatosha.

Sasa kuna midoli ya plastiki, ambayo inapanda kutoka maduka ya Same mpaka magulio ya milimani, mipya ya bei rahisi au iliyotumika iliyofika na mitumba. Mingi ina nywele za njano na ngozi nyeupe, na hilo si jambo dogo. Katika miaka ya 1940 wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark waliwaonyesha watoto weusi wa Marekani midoli inayofanana kila kitu isipokuwa rangi. Wengi walimchagua mweupe kuwa ndiye mzuri. Matokeo hayo yalitajwa Mahakama ya Juu ya Marekani ilipopiga marufuku ubaguzi wa rangi mashuleni mwaka 1954. Mdoli ulikuwa umewaeleza watoto jambo ambalo hakuna mtu mzima aliyekiri kulisema.

Barbie, aliyetolewa mwaka 1959, alileta ugomvi wa namna nyingine. Ruth Handler, aliyembuni, alikuwa amemwona binti yake akichezea midoli ya karatasi na kuipa kazi za watu wazima, ilhali madukani karibu yote iliyokuwepo ni vichanga. Akataka msichana apate mdoli wa kumfanya ajione yeye mwenyewe atakavyokuwa kesho. Barbie habebeki kwa mbeleko. Miguu inachomoza, shingo inainama, mwili ule haukukusudiwa mgongo wa mtu. Handler alikuwa na hoja, na naichukua kwa uzito. Mwana hiti na akuaba, kwa uzuri wao wote, wanamwambia mwanamke kwamba thamani yake iko tumboni, na wanawake wasiozaa katika jamii zetu wamelipa gharama kubwa kwa fundisho hilo.

Hapo ndipo ninaporudi kulitetea gunzi kwa nguvu zaidi. Watazame wasichana wa Chome, hukohuko Upare, wakicheza baba na mama kutwa nzima. Asubuhi gunzi ni kichanga chenye homa. Baadaye kidogo ni nesi wa zahanati anayemchoma sindano gunzi mwenzake. Mchana magunzi yamepangwa mstari chini ya mparachichi, darasa zima, na moja limesimamishwa mbele kuwa mwalimu. Jioni moja linavalishwa kitambaa cheupe, ni bibi harusi, na jingine ni mchungaji, au shehe, kutegemea nyumba ya jirani. Alichokitafuta Handler kwa kiwanda, na alichokifundisha kungwi kwa mti, vyote viwili vimo humo, kwa sababu hakuna aliyetangulia kulichonga gunzi uso.