Namba tasa ya Lucas

Aliyeziita namba tasa alitazama upande mmoja tu. Ni kweli hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe, lakini namba nyingine zote kuanzia 4 zimezaliwa nazo: 12 ni 2 mara 2 mara 3.

Mwaka 1644 padri Mfaransa, Marin Mersenne, alitoa orodha ya namba tasa za aina moja: chukua 2, ipandishe kwa kipeo fulani, toa 1. Kwa vipeo visivyozidi 257, alidai, vinavyofaa ni 11 tu, kikiwemo 127. Ushahidi hakutoa. Baadaye ilibainika kuwa 67 na 257 havifai, na kwamba 61, 89 na 107 vilimponyoka. Lakini 127 kilikaa zaidi ya miaka 230 bila mtu wa kukithibitisha wala kukikanusha.

Haukuwa uvivu. Kipeo hicho kinatoa 170,141,183,460,469,231,731,687,303,715,884,105,727. Tarakimu 39! Anayetaka kuigawa kwa namba moja baada ya nyingine hadi kwenye kipeuo chake cha pili, hata akijaribu moja kila sekunde, atahitaji miaka bilioni 400 na ushei.

Édouard Lucas, mzaliwa wa Amiens aliyewahi kuwa ofisa wa mizinga katika vita vya Ufaransa na Prussia, aliachana na kusaka vigawo. Mwaka 1876 alionyesha njia ya mkato. Anza na 3. Izidishe kwa yenyewe, utoe 2, na jibu ulifanyie hivyo hivyo. Likizidi namba unayoipima, ligawe kwa namba hiyo, ubakize baki tu. Tuipime 127, inayotokana na kipeo cha 7: kutoka 3 tunapata 7, kisha 47, kisha 2,207 yenye baki 48, kisha 2,302 yenye baki 16, kisha 254, ambayo ni 127 mara mbili kamili. Baki sifuri: 127 ni tasa. Hatua ni tano, yaani kipeo toa 2. Njia hii inafaa vipeo ambavyo ni tasa na vikigawanywa kwa 4 vinabakiza 3.

Kwa kipeo cha 127, basi, hatua ni 125, kila moja ikizidisha namba za hadi tarakimu 39, kwa mkono. Lucas aliigeuza kazi hiyo kuwa mchezo wa kete kwenye ubao wa miraba 127 kwa 127. Mcheza bao wa Zanzibar, mwenye mashimo yake 32, angemhurumia.

Mwanahisabati mwenzake, Eugène Catalan, aliona jambo la ajabu: kipeo cha 2 hutoa 3, cha 3 hutoa 7, cha 7 hutoa 127, na cha 127 hutoa namba ya Lucas; zote tasa. Inayofuata ni kubwa mno hata kwa kompyuta za leo.

Lucas alifariki mwaka 1891, rekodi ya namba tasa kubwa kuliko zote zilizothibitishwa ikiwa bado yake. Ilivunjwa mwaka 1951, na mwaka huohuo kompyuta EDSAC ya Cambridge ilithibitisha namba tasa ya tarakimu 79, iliyotengenezwa kwa kuizidisha namba ya Lucas kwa yenyewe, kisha kwa 180, na kuongeza 1.

Msomaji mwenye kalamu aijaribu 2,047, inayotokana na kipeo cha 11. Baada ya hatua tisa hataiona sifuri: ni 23 mara 89.