Mkopo wa Thika uliogeuka pesa ya kutumiana

Kwa wakaaji wengi wa Goma simu ndiyo benki, hasa tangu benki za mji zilipofunga milango mwezi wa kwanza 2025, M23 ilipoingia. Wachache wanajua kwamba M-Pesa, tangu mwanzo, haikutungwa kwa ajili ya kutumia ndugu pesa.

Mwezi wa kumi 2005, Vodafone na Safaricom walianza majaribio huko Kenya, Nairobi na Thika, kwa mawakala wanane na watu wasiofika 500. Nick Hughes na Susie Lonie, walioongoza kazi hiyo, walikuwa na shabaha moja: wakopaji wa shirika la Faulu Kenya wapokee mkopo na kuurudisha kwa simu. 

Watu wakashika njia yao. Huyu alilipana na mfanyabiashara mwenzake, yule alituma kitu kwa wazazi kijijini. Mwingine aliweka pesa kwa wakala kabla ya kusafiri, akaitoa alikofika, ili wezi wasimkute nayo. Faulu nayo ilitaabika kulinganisha vitabu vyake na malipo ya simu. Wenye mradi wangeweza kusema wateja wanakosea. Badala yake waliweka mkopo kando, na Machi 2007 huduma ikatoka na ujumbe mfupi: tuma pesa nyumbani. Menyu ilikaa ndani ya SIM kadi, kwa hiyo hata simu ndogo ya vifungo iliweza.

Kongo ilipata M-Pesa ya Vodacom mwishoni mwa 2012. Huku mtu anashika dola na franga siku moja, basi akaunti zikabidi ziwe mbili.

Kwa familia zilizokimbia vita, kuna mambo menyu haijayafikia. Mama aliyetoka Masisi bila kadi ya mchaguzi anasajili namba kwa kitambulisho gani? Hutumia simu ya jirani au shemeji, na pesa inafika kwa mwenye simu kwanza. Asiyejua kusoma humtajia mkambisti namba yake ya siri, watu wakiwa wamesimama nyuma yake. Na noti zikiadimika mjini, mkambisti hukata zaidi kabla ya kumhesabia zilizobaki.