Wapenzi wa Roki ya Indi na Metali Isiyoimbwa

Hukumu juu ya muziki si kazi ya masikio peke yake. Aghalabu hutanguliwa na hukumu juu ya wauchezao na wausikilizao. Jambo hili laonekana wazi katika historia ya wapenzi wa roki ya indi wa Marekani na Uingereza, ambao kwa miaka mingi waliidharau metali, kisha wengine wao wakaingia nyumbani mwake kwa mlango wa nyuma.

Metali ni mtoto wa viwanda. Mwaka 1965, mjini Birmingham, kijana Tony Iommi, mwenye umri wa miaka 17, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine katika kiwanda cha mabati. Aliyeyusha chupa ya plastiki, akajifanyia vikofia vya vidole, akarejea kwenye gitaa. Santuri ndefu ya kwanza ya kundi lake, Black Sabbath, ilitoka mwaka 1970. Mwaka uliofuata, katika Master of Reality, alizilegeza nyuzi ili zivutike bila maumivu, na sauti ikawa nene kuliko zamani.

Roki ya indi, iliyopata jina kwa kampuni ndogo za santuri zilizojitegemea, ilistawi katika miaka ya 1980, hasa miongoni mwa wanafunzi. Wapenzi wake walithamini maneno na unyenyekevu. Metali kwao ilikuwa makelele, nywele ndefu na majivuno. Nywele, yamkini, ndizo zilizohukumiwa kwanza.

Walakini indi yenyewe ilianza kupunguza maneno. Katika Spiderland ya Slint, kundi la Louisville, iliyotoka mwaka 1991, mwimbaji mara nyingi husema kwa sauti ya chini tu, na magitaa ndiyo yabebayo habari. Mogwai wa Glasgow, walioanza mwaka 1995, waliuacha uimbaji karibu wote: utulivu mrefu, kisha ngurumo. Mpenzi wa taarabu aijuaye bashrafu hatashangaa kwamba ala zaweza kutosha bila shairi. Aliyeizoea ngurumo ile alikuwa amekwisha kufika kizingitini pa metali bila kujua.

Kampuni nazo zilikuwa zimechanganyika. Sub Pop ya Seattle, iliyotoa santuri ndefu ya kwanza ya Nirvana mwaka 1989, ndiyo iliyotoa Earth 2 mwaka 1993: vipande vitatu, zaidi ya dakika 70, gitaa likivuma kama mtambo usiozimwa. Jina hilo, Earth, liliwahi kutumiwa na Black Sabbath wenyewe. Mwaka 2003 Pelican wa Chicago walitoa Australasia: magitaa mawili, besi na ngoma, pasipo mwimbaji. Russian Circles wa mji uo huo wakafuata kwa Enter, mwaka 2006. Mpenzi wa indi aliyekimbizwa na mngurumo wa waimbaji alikuta hapa uzito ule ule bila koo.

Je, aliigundua metali, au aliikubali ilipokwisha kunyamazishwa? Swali hili lina uchungu, kwani kilichoondolewa ni sauti ya mtu. Tena metali haikungoja kufundishwa kunyamaza. Kipande kisichoimbwa, Rat Salad, kimo katika Paranoid ya mwaka 1970. Orion ya Metallica, ya mwaka 1986, yapita dakika nane. Vilikuwamo madukani siku zote, ndani ya majalada ambayo mpenzi wa indi hakuyagusa.

Waliorudi nyuma kutoka Pelican hadi Master of Reality walizikuta nyuzi zilizolegezwa, na mbele yake sauti ya Ozzy Osbourne, kijana mwingine wa Birmingham, aliyewahi kufanya kazi machinjioni.