Askari wa machela: Wakongo waliotibu majeruhi mpaka Burma

Butembo – Wiki hii mama mmoja mzee aliyekimbia vita kusini mwa Lubero alinieleza kitu kimoja kinachomuuma kuliko shamba aliloacha. Nyumba yao iliungua, na ndani yake sanduku la marehemu baba yake. Mlikuwa na karatasi ya Force Publique. "Mwanangu," alisema, "watu wanadhani baba alikuwa askari wa bunduki. Hapana. Kazi yake ilikuwa kufunga vidonda."

Watu wa aina hiyo hawasimuliwi sana, hata katika mataifa makubwa. Kwenye merikebu za vita za zamani za Waingereza na Wamarekani, daktari alisaidiwa na kijana wa cheo cha chini kabisa, ambaye jina la kazi yake lilitokana na uji aliowapelekea wagonjwa. Jeshi la majini la Marekani lilipata kikosi rasmi cha wauguzi wake tarehe 17 Juni 1898 tu.

Na sisi je? Kongo ya Wabelgiji haikuwa na jeshi kubwa la majini. Ilikuwa na Force Publique, jeshi lililoanza miaka ya 1880. Katika vita vya kwanza vya dunia, jeshi hilo liliteka Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Nyuma ya askari walikuwako wapagazi zaidi ya 200,000. Gari hazikuwako, barabara vilevile. Chakula, risasi na majeruhi, vyote vilipita mabegani mwa watu. Wapagazi wengi walikufa kwa magonjwa na uchovu.

Katika vita vya pili mambo yakabadilika. Mwaka 1941 Force Publique iliwapiga Waitalia huko Ethiopia, na mwezi wa saba wakasalimu amri kule Saio. Baadaye kikosi kimoja cha tiba kutoka Kongo kikaendelea na safari pamoja na Waingereza. Kiliitwa Kituo cha 10 cha Kupokea Majeruhi cha Kongo ya Wabelgiji. Kilikuwa na Wakongo karibu 350 na Wabelgiji karibu 20. Walivuka bahari mpaka Madagascar, kisha wakaenda Asia, mpaka Burma.

Kazi ya kituo kama hicho ni hii: majeruhi wanafika kutoka mstari wa mbele, wanapangwa kwa uzito wa hali yao, damu inazuiliwa, wanaohitaji kupasuliwa wanapasuliwa, halafu wanapelekwa hospitali za nyuma. Mwaka 1944 Wakongo hao walikuwa upande wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, katika bonde la Kabaw, mahali palipojulikana kwa matope, mvua na malaria. Askari wengi waliolazwa walitoka Kenya, Uganda na Tanganyika, na Kiswahili kilikuwa lugha ya vikosi vyao. Kuna wakati Wajapani walikaribia sana. Vita vilipoisha mwaka 1945, wakarudi nyumbani.

Walirudi kwenye jeshi ambalo mtu mweusi hakuweza kuwa ofisa. Maofisa wote walikuwa Wabelgiji mpaka uasi wa askari wa mwezi wa saba 1960. Hospitalini vilevile: Mkongo alisomeshwa uuguzi, au usaidizi wa daktari, na hapo ngazi ikakatika. Ndiyo sababu baada ya uhuru Shirika la Afya Duniani, OMS, lilisaidia kupeleka wasaidizi hao Ufaransa wakamalize masomo ya udaktari.

Sisi wa Butembo na Beni hatuhitaji kwenda Burma ili kuelewa. Tuliona wauguzi wetu wakati wa Ebola, toka 2018 mpaka 2020. Tunawaona leo wakipokea watu waliokatwa mapanga, wakati wao wenyewe wana jamaa waliokimbia.

Yule mama hana tena karatasi ya baba yake. Lakini ana jina lake, na jina la kijiji alikotoka. Nilimwomba amwambie mjukuu wake ayaandike kwenye daftari la shule. Nawe uliyekimbia, kama babu yako alibeba machela, fanya hivyo jioni ya leo, kabla hatujalazimika kuhama tena.