Kumbe kwa Bibi kulikuwa na jukwaa

Nimeadimika kidogo, semista imeanza na mambo ni moto. Leo nina nafasi, acha niwamegee kilichonikuta wiki hii darasani.

Siku ya kwanza ya somo la sanaa za maonyesho mwalimu aliuliza swali rahisi tu: nani amewahi kuona sanaa za maonyesho kabla ya kuja chuo? Wenzangu wa Dar mikono juu. Mimi mtoto wa Rungwe Mpya, kule Kasulu, kimyaaa. Jukwaa lenye pazia nilikuwa sijawahi kuliona hata siku moja. Moyoni nikasema ebwana, hapa nimepotea njia, bora nihamie somo lingine kabla sijaumbuka.

Jioni nikaenda maktaba kutafuta maana ya haya maneno. Kumbe kila neno lina historia yake.

Tuanze na "mchezo wa kuigiza". Enzi za mkoloni maigizo yalipita sana mashuleni, Shakespeare na wenzake, kwa Kiingereza. Michezo ya Kiswahili ya mwanzo mwanzo kuchapishwa ilitoka Kenya mwaka 1957: "Nakupenda, Lakini..." ya Henry Kuria, na ile ya Graham Hyslop. Kipimo kilikuwa kile kile cha wageni: jukwaa, pazia, na maneno yaliyoandikwa ukayakariri. Ukitumia kipimo hicho, wazee wetu wote wanaonekana hawakuwa na kitu. Ndiyo maana na mimi sikunyoosha mkono.

Halafu kuna "tamthilia", neno lenye asili ya Kiarabu. Hapa wengi tunachanganya. Tamthilia ni andiko, onyesho ni pale linapotendwa mbele ya watu. "Kinjeketile" ya Ebrahim Hussein, iliyotoka 1969 na inayohusu Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, ikiwa mkononi mwako ni tamthilia. Ikipandishwa jukwaani, hilo ni onyesho. Aliyeandika ni mtunzi, anayeigiza ni mwigizaji, na yule mtu anayeigizwa ni mhusika. Nguo zake za jukwaani ni maleba. Watu waliokuja kutazama ni hadhira.

Sasa "sanaa za maonyesho" limeingiaje? Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alipoapishwa kuwa Rais alitangaza wizara ya utamaduni, akalalamika kwamba wasomi tulifundishwa dansi za wazungu huku ngoma zetu hatuzijui. Azimio la Arusha likaja 1967, na mwaka huo huo masomo ya sanaa za maonyesho yakaanza chuo kikuu cha Dar. Swali likawa: tufundishe nini? Shakespeare tu, au na vya kwetu?

Mwaka 1976 Penina Muhando na Ndyanao Balisidya wakatoa kitabu "Fasihi na Sanaa za Maonyesho". Jamani, hiki ndicho kilichonitoa jasho. Wanasema sanaa ya maonyesho inataka vitu vinne: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea, na watazamaji. Basi. Pazia halimo. Kitabu cha kukariri hakimo. Kwa kipimo hicho ngoma, majigambo na utambaji wa hadithi vinaingia vyote.

Nikafunga kitabu nikamkumbuka Bibi. Jioni, maharage yako jikoni, wajukuu tumekaa chini uani. Akifika kwa fisi, sauti inakuwa nzito na mgongo unapinda. Akifika kwa kikongwe, anavuta kanga kichwani. Wimbo ukija sote tunaitikia. Hesabu mwenyewe: dhana ipo, mtendaji yupo, uwanja upo, watazamaji sisi. Ile kanga ni maleba. Na nilikuwa hadhira miaka yote ile halafu darasani nikaficha mkono!

Si kwamba kila kitu ni sawa na kila kitu. Tambiko linafanywa ili litimize jambo, si ili watu watazame tu, na wataalamu wamebishana sana mpaka uko wapi. Lakini utambaji hauna ubishi kwangu. Mwaka huo huo wa 1976 Hussein mwenyewe alitoa "Jogoo Kijijini" na "Ngao ya Jadi", akitumia njia ya mtambaji, mtu mmoja anayebeba hadithi nzima. Yaani mtunzi msomi kabisa alirudi kule kule uani.

Juzi nikampigia simu. Nikamwambia, "Bibi, shikamoo. Zile hadithi zako huku tunazisoma chuoni." Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza, "Sasa mjukuu wangu, nimsimulie nani? Mmeondoka wote."

Hapo nikanyamaza kama siku ile darasani. Vitu vinne, na kwa Bibi vimebaki vitatu.

Somo sihami. Likizo nakwenda Rungwe Mpya na daftari, lakini la kwanza nitakaa chini niitikie wimbo, kuandika baadaye. Na wewe uliyeanza mwaka wa kwanza, ukiulizwa swali lile nyoosha mkono.

Tuko pamoja, usiku mwema.