Saa Mbili Zilizopotea Milimani

Usiku wa tarehe 19 Septemba 1961, Barney Hill na mkewe Betty walikuwa wakirudi nyumbani Portsmouth, jimbo la New Hampshire, Marekani, baada ya mapumziko mafupi Niagara na Montreal. Barabara ilikuwa tupu. Saa nne zilikuwa zimepita kidogo Betty alipoona mwanga unaosogea angani. Barney akasema ni setilaiti, kisha akasema ni ndege. Lakini mwanga ule ulizidi kushuka na kuwafuata katikati ya milima ya White Mountains.

Karibu na Indian Head, Barney alisimamisha gari katikati ya barabara, akatia bastola mfukoni, akashika darubini na kuingia kondeni. Alisema aliona chombo chenye madirisha, na nyuma ya madirisha watu waliokuwa wakimtazama. Alikimbia kurudi garini akipiga kelele kwamba watatekwa. Wakasikia milio ya ajabu nyuma ya gari, wakashikwa na usingizi, na walipozinduka walikuwa makumi ya kilomita mbele. Walifika nyumbani yapata saa 11 alfajiri. Kamba ya darubini ilikuwa imekatika, viatu vya Barney vimechubuka, gauni la Betty limechanika.

Siku mbili baadaye Betty alipiga simu kituo cha jeshi la anga cha Pease, akificha baadhi ya mambo asije akaonekana amerukwa na akili. Habari za kutekwa hazikuwamo. Kwamba safari ilichukua muda mrefu kuliko kawaida, wao wenyewe hawakulitambua hadi wachunguzi walipowauliza miezi miwili baadaye.

Wanaowaita matapeli wangeanza kwa kuwafahamu. Betty alikuwa afisa ustawi wa jamii, akihudumia watoto. Barney alifanya kazi ya posta Boston. Yeye Mweusi, mkewe Mzungu, wote wawili wanachama wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu Weusi, wakati majimbo mengi ya Marekani yalikuwa bado yanapiga marufuku ndoa kama yao. Watu wa namna hiyo walikuwa na mengi ya kupoteza kwa kuchekwa. Habari yao haikuwafikia watu wengi hadi Oktoba 1965, gazeti la Boston Traveler lilipoichapisha bila ridhaa yao.

Kabla ya hapo, tangu Januari 1964, walikuwa wakitibiwa na Dakta Benjamin Simon, bingwa wa magonjwa ya akili wa Boston. Barney alikuwa na vidonda vya tumbo na hakuwa akilala vizuri. Simon aliwaingiza katika usingizi wa hipnosi, kila mmoja peke yake, na kurekodi maneno yao kwenye kanda. Huko ndiko ilikotoka simulizi kamili: kupandishwa chomboni, kulazwa mezani, sindano kitovuni mwa Betty. Barney alipofika kwenye macho ya wale viumbe, alipiga mayowe.

Simon, aliyewasikiliza kwa miezi kadhaa, alikubali kwamba hawakuwa wakidanganya. Hata hivyo hakuamini kwamba walitekwa. Siku chache tu baada ya safari ile Betty alikuwa ameota ndoto mfululizo zenye kisa hichohicho, akaziandika na kuwasimulia watu, Barney akisikia. Hipnosi, kwa maelezo ya Simon, hutoa kile mtu anachokisadiki, kiwe kilitokea au hakikutokea. Mimi niko upande wa Simon. Katika ndoto zilizoandikwa, viumbe wana pua kubwa na nywele nyeusi. Katika simulizi za baadaye sura hizo zimebadilika. Kumbukumbu ya jambo lililoonekana kwa macho haitegemewi kubadilika hivyo.

Hoja nyingine hazina uzito sawa. Mwaka 1990 mwandishi Martin Kottmeyer alionyesha kwamba kiumbe mwenye macho kama yale aliyoyaeleza Barney alionekana katika tamthilia ya televisheni The Outer Limits siku 12 kabla ya kikao cha hipnosi alimoyaeleza. Betty alikana kuwa waliitazama, na hakuna awezaye kuthibitisha vinginevyo. Ramani ya nyota aliyoichora Betty kutokana na simulizi yake, ambayo mwalimu Marjorie Fish aliihusisha na nyota za Zeta Reticuli, ilipingwa na wanaastronomia Carl Sagan na Steven Soter: ondoa mistari inayounganisha nyota, na mfanano unatoweka. Hapo walikuwa sahihi. Na ule mwanga wa kwanza? Wapo wanaosema ilikuwa sayari ya Jupita, wapo wanaoitaja taa ya mnara wa mlima Cannon.

Ninachokiona kimepuuzwa ni hofu ya Barney. Akiwa katika hipnosi alisema mmoja wa wale watu dirishani alimkumbusha Mwairishi, na akaeleza kwamba Wairishi kwa kawaida huwachukia watu Weusi. Mwingine alimwona kama Mnazi. Huyu ni mtu Mweusi aliyesafiri na mke Mzungu usiku wa manane, bastola ikiwa garini, mwaka 1961. Barney alifariki mwaka 1969 akiwa na miaka 46 tu. Betty alitetea simulizi yao hadi kifo chake mwaka 2004. Mabishano ya miongo yote hiyo yamehusu zaidi macho ya viumbe na nyota za mbali, na machache mno yamehusu aliyekuwa akiendesha gari.