Mashamba ya Musienene na karatasi ya 1973

Barabara inayotoka Butembo kuelekea Lubero hupita Musienene, katika usheferi wa Baswagha, mashariki mwa Kongo. Milima ya huko imelimwa toka bondeni hadi juu. Ukiuliza kila shamba ni la nani, utajibiwa mara mbili: kwanza jina la anayelima, kisha jina la mtu mwingine aliye juu yake.

Zamani, mtu huyo wa juu alikuwa mukama. Ukoo wake ndio uliotangulia kufyeka msitu, na kwa sababu hiyo ardhi ilikuwa mkononi mwake. Mnande, yaani mwenyeji wa huko, aliyetaka kulima alimwendea, akaonyeshwa kipande, naye akawa anapeleka haki ya mukama: kuku, mbuzi, maharagwe, kasiksi (pombe ya ndizi). Nisiusifu mno utaratibu huu. Wenye nasaba walikaa juu, wengine chini. Mwanamke alilima maisha yake yote katika shamba la mumewe, na akifiwa alibaki akitegemea huruma ya shemeji zake. Hata hivyo, aliyetimiza wajibu wake hakufukuzwa ovyo, na watoto wake walirithi nafasi yake.

Wabelgiji waliukata mnyororo huo. Mwaka 1925 iliundwa hifadhi ambayo leo tunaiita Virunga, nayo ikaendelea kupanuliwa hadi kumeza sehemu kubwa ya tambarare za Ziwa Edward. Mwaka 1928 ikaja Comité National du Kivu, iliyopewa mamlaka ya kugawa ardhi kwa walowezi wa kizungu. Kahawa, chai na pareto zikapandwa palipokuwa na malisho au mashamba yaliyopumzishwa. Wenyeji wakazidi kubanana milimani.

Uhuru ulipokuja, watu walitazamia kurudishiwa. Sheria ya Bakajika ya 1966 ilitangaza kwamba ardhi ya Kongo ni ya taifa la Kongo, na hapo mkulima angeweza kufurahi. Kisha ikaja sheria ya Julai 20, 1973. Kifungu cha 387 kiliigeuza ardhi ya jamii za vijijini kuwa mali ya serikali. Kifungu cha 389 kikaahidi kwamba haki za wanaoilima zitapangwa kwa amri ya rais. Rais Mobutu alitawala miaka 24 zaidi, akaondoka 1997 bila kutia saini amri hiyo.

Tulia kidogo hapa, maana ndipo mambo yalipoharibika. Mtu wa mjini mwenye fedha na marafiki katika ofisi ya ardhi aliweza kupata cheti cha usajili cha mlima mzima. Ikipita miaka miwili bila pingamizi, cheti hicho kilikuwa vigumu sana kukivunja mahakamani. Mkulima aliyekuwa juu ya mlima huo hakujua kwamba saa imeanza kuhesabu. Alijua tu siku alipoletewa ng'ombe wa tajiri shambani.

Novemba 30 ya mwaka huohuo wa 1973, Mobutu alitangaza kuchukua biashara na mashamba ya wageni na kuwapa Wazaire, kama raia wa Kongo walivyoitwa wakati huo. Ulikuwa ugawaji wa mali kwa jina tu. Mali hiyo ilikwenda kwa wakubwa na jamaa zao, na nyingi ikaharibika kabla haijarudishwa kwa wenyewe miaka michache baadaye.

Wafanyabiashara wa Butembo walijijenga katika miaka hiyohiyo, wengi wao bila zawadi yoyote ya Kinshasa. Waliuza mboga na maharagwe hadi Kisangani, wakavusha kahawa na dhahabu kwenda Uganda, wakafuata bidhaa Nairobi, Dubai, baadaye Guangzhou. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo la Butembo-Beni toka 1966 hadi 1997, aliwahimiza matajiri watoe fedha na wanakijiji watoe mikono. Barabara zikatengenezwa kwa salongo, yaani kazi ya pamoja, na mwaka 1989 Université Catholique du Graben ikafunguliwa. Naiheshimu kazi hiyo kwa moyo wote. Lakini fedha zilezile za biashara zilinunua pia milima ya Lubero kwa ajili ya kufuga ng'ombe, na hapo mkulima hakuulizwa.

Wakulima walianza kujipanga wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilizaliwa Butembo SYDIP, chama cha kutetea masilahi yao, kikawafundisha sheria ya ardhi na kusimama nao katika kesi. Wanawake walikuwa na kizuizi kingine: kwa Kanuni ya Familia ya 1987, mke hakuweza kwenda mahakamani wala kufunga mkataba wa kisheria bila ruhusa ya mumewe. Aliyenunua shamba kwa jasho lake alihitaji saini ya mtu mwingine. Ruhusa hiyo ilifutwa Julai 2016, na wakulima wanawake wa LOFEPACO, shirikisho lenye makao Butembo, wanaendelea kudai kwamba shamba liandikwe kwa jina la anayelilima.

Tangu Juni 2024, waasi wa M23 walipouteka mji wa Kanyabayonga, maelfu ya familia zimekimbilia kaskazini, Lubero na Butembo. Wengi wao ni wakulima walioacha mazao shambani. Wanapofika, hupata kulima mashamba ya wengine kwa ujira wa siku, na huko walikotoka wengi hawakuwahi kuwa na cheti cha kuonyesha siku watakaporudi na kumkuta mtu mwingine amepanda.